Uliza Anko: Waliofungwa mechi sita wakawa mabingwa, waliofungwa moja wakatolewa

Toleo lililopita nilitaja kwa kupita tu kwamba kule Marekani kuna timu ya mpira wa Kimarekani, ya mji mdogo, inaitwa Green Bay Packers, wenyewe ni mashabiki, na kwamba kuna msimu ilifungwa mechi sita na bado ikabeba ubingwa. Basi, simu haijapumzika. Wa Ligi Kuu mtanivumilia leo, tunamaliza ya Packers kwanza maana mmeuliza wengi na mmeuliza vizuri.

SWALI: Shikamoo anko. Mi nasoma chuo hapa Malimbe, hosteli huwa tunaangalia klipu za huo mpira usiku bando likiwa nafuu. Sa ulivosema Packers walifungwa sita wakawa mabingwa nikaenda kucheki, nikakuta mwaka uliofuata walifungwa moja tu msimu mzima, MOJA, halafu hawakuchukua kitu. Jamani hiyo ligi ina akili timamu kweli?
Mwanafunzi, Malimbe

JIBU: Marahaba mwanangu. Akili inayo ila siyo akili ya ligi yetu. Huku mnacheza mechi 30, mwenye pointi nyingi ndo bingwa, mnamalizana. Kule msimu wa kawaida ni wa kutafuta nafasi tu. Timu za ligi yao, NFL, ziko 32, pande mbili za timu 16, NFC na AFC, kila upande una makundi manne ya timu nne nne. Miaka hiyo unayoulizia kila timu ilikuwa inacheza mechi 16 (tangu 2021 ni 17), zinaingia mtoano timu 12 (siku hizi 14), na mtoano wenyewe ni mechi moja moja, hakuna marudiano wala cha goli la ugenini, ukifungwa unakunja jezi unaenda nyumbani mpaka Septemba. Na ukiingia mtoano hakuna anayekuuliza ulifungwa ngapi huko nyuma.

Sasa huo msimu wa 2010 ngoja niueleze vizuri maana wengi mnaona tu kombe la mwisho. Packers walianza kwa kuwafunga Philadelphia Eagles 27-20 na siku hiyo hiyo wakampoteza mkimbiaji wao mkuu Ryan Grant, kifundo cha mguu, msimu umeisha. Mechi ya tano wanaenda Washington wanafungwa, na Jermichael Finley ambaye alikuwa mdakaji wao hatari anaumia goti, naye msimu umeisha. Wiki iliyofuata wakafungwa tena na Miami, wakawa wameshinda tatu wamefungwa tatu. Ungekuwa shabiki wa hapa mjini ungeshaanza kudai kocha Mike McCarthy afungashe virago, najua tulivyo.

Lakini zitazame hizo mechi sita walizofungwa mwaka mzima. Chicago Bears 20-17. Washington 16-13 muda wa nyongeza. Miami 23-20, muda wa nyongeza tena. Atlanta 20-17. Detroit 7-3. New England 31-27. Hakuna hata moja waliyofungwa kwa zaidi ya pointi nne, na kwenye huu mchezo tachidauni moja tu, yani kuufikisha mpira eneo la mwisho la uwanja upande wa mpinzani, ni pointi sita! Yani ilikuwa timu ambayo haijawahi kuzidiwa, inapoteza kwa vitu vidogo vidogo, adhabu, pasi moja, teke moja. Halafu ikishinda inaua. Novemba waliwapiga Dallas Cowboys 45-7 na kesho yake Dallas wakamfukuza kocha wao Wade Phillips, wiki mbili baadae wakaenda kuwapiga Minnesota Vikings 31-3 na kesho yake tena Vikings wakamfukuza wa kwao, Brad Childress. Makocha wawili mwezi mmoja. Na hiyo ya Vikings ilikuwa na utamu wake maana kwotabeki (yule anayepokea mpira na kuamua autupe au ampe mkimbiaji) wa Vikings alikuwa Brett Favre, mtu aliyecheza Packers misimu 16, mfalme wa Green Bay kabisa, alivoondoka kiti chake akapewa kijana Aaron Rodgers na kuna mashabiki hawakumtaka huyo kijana. We fikiria nahodha wa Simba anaondoka kwa kununiana halafu anaibukia Yanga.

Desemba ndo ikawa ngumu. Kule Detroit Rodgers akagongwa kichwa, akatolewa nje, wakafungwa 7-3, wiki iliyofuata hakucheza kabisa na wakaenda New England na kwotabeki wa akiba Matt Flynn, ambaye nusura ashinde. Wameshinda 8 wamefungwa 6. Zimebaki mechi mbili na zote lazima. Rodgers akarudi, New York Giants wakala 45-17, halafu mechi ya mwisho ni na Bears, majirani na mahasimu wa tangu enzi, na Bears walikuwa wameshafuzu, hawana cha kupoteza. Packers wakashinda 10-3. Mechi mbaya kuangalia, nakwambia ukweli, lakini iliwaingiza. Wakamaliza 10-6 sawa na Giants na sawa na Tampa Bay, timu tatu zinagombea kiti kimoja, ikabidi waangalie kila mmoja aliowafunga walikuwa na rekodi gani na Packers wakapita hapo. Nafasi ya sita upande wa NFC, ya mwisho kabisa.

Ukiingia wa mwisho mechi zote unacheza ugenini. Kule Philadelphia Packers wakashinda 21-16, mkimbiaji chipukizi James Starks ambaye msimu mzima alikuwa hajaonekana sana akakimbia yadi 123, na mwishoni Tramon Williams akainasa pasi ya Michael Vick ndani ya eneo la mwisho pale Eagles walipokuwa wanatafuta ushindi. Atlanta waliokuwa vinara wa NFC na rekodi ya 13-3 wakapigwa kwao 48-21. Halafu Chicago, fainali ya NFC, walewale Bears ambao wangewazuia kule mwisho wa msimu wasingekutana nao tena, wakafungwa nyumbani kwao 21-14, na moja ya tachidauni aliifunga B.J. Raji, beki wa katikati, jitu la kilo 150 na ushee, amenasa pasi na kukimbia nayo mpaka ndani huku anaunyanyua mpira. Kama hujaiona hiyo klipu itafute.

Super Bowl, fainali ya ligi nzima, ikachezwa tarehe 6 Februari 2011 huko Arlington, Texas, dhidi ya Pittsburgh Steelers. Packers wakaongoza 21-3, wakarelaksi, na kabla ya mapumziko beki wao mkongwe Charles Woodson akavunjika mfupa wa bega, Steelers wakarudi mpaka 21-17. Robo ya nne inaanza tu, Clay Matthews na wenzake wakamgonga mkimbiaji wa Steelers Rashard Mendenhall, mpira ukamtoka, Packers wakaudaka na dakika chache baadae Rodgers akampa Greg Jennings tachidauni. Ikaisha 31-25. Rodgers yadi 304, tachidauni tatu, mchezaji bora wa fainali.

Sasa njoo 2011, na hapa ndo jibu lako lilipo. Walishinda 13 mfululizo wakaja kufungwa na Kansas City Chiefs 19-14, wakamaliza 15-1, walifunga pointi 560, Rodgers tachidauni 45 na pasi alizonaswa 6 tu, akawa mchezaji bora wa ligi nzima. Ukiona hizo namba unasema hawa wapewe kombe Desemba watu wakale Krismasi. Lakini geuza upande wa pili wa karatasi. Msimu wa 2010 mabeki wao waliruhusu pointi 240 tu, timu moja tu kwenye ligi nzima iliruhusu chache zaidi, na hao walikuwa haohao Steelers wa fainali. Msimu wa 2011 waliruhusu 359, na kwa yadi walikuwa wa mwisho ligi nzima, wa 32 kati ya 32! Beki wao Nick Collins aliumia shingo mwanzoni tu mwa msimu na hakurudi tena kucheza. Ulinzi ule ulikuwa kokoro lililotoboka, samaki wanapita lakini mitumbwi inarudi imejaa kwa vile Rodgers anavua upande mwingine, kwa hiyo hakuna aliyelalamika.

Halafu kwa kuwa walishamaliza kazi mapema Rodgers alipumzishwa mechi ya mwisho (yuleyule Matt Flynn akacheza akatupa tachidauni sita, 45-41 na Detroit), na wiki ya kwanza ya mtoano vinara hawachezi. Kwotabeki akakaa wiki tatu bila mechi. Tarehe 15 Januari 2012 wanakuja Giants, timu iliyomaliza 9-7, ambayo Desemba walikuwa wameifunga kwa taabu 38-35 na ikawajua. Siku hiyo wadakaji wa Packers wanaangusha mpira kama wamepakwa mafuta mikononi, na sekunde za mwisho za kipindi cha kwanza kwotabeki wa Giants Eli Manning akaurusha juu tu kwa bahati nasibu, Hakeem Nicks akaudaka katikati ya mabeki, tachidauni. 37-20, tena nyumbani kwao Green Bay. Na hao Giants wa 9-7 wakaenda mpaka Super Bowl, wakawafunga New England Patriots 21-17, mabingwa.

Mi ukiniuliza nitakwambia timu ya 2010 ilikuwa nzuri kuliko ya 2011 na wala siangalii kombe, naangalia mabeki. Wenzangu wananibishia mpaka leo.

SWALI: Anko mi nauza sangara Mwaloni, mwanangu ananionyesha huo mchezo naona watu wanagongana tu wanasimama wanagongana tena. Hizo pointi 45 zinapatikanaje? Kwa kifupi tafadhali, niko kazini.
Mfanyabiashara, Kirumba

JIBU: Kifupi basi. Kumi na moja kwa kumi na moja. Mwenye mpira ana majaribio manne ya kusogea yadi 10, akifika anapewa manne mengine, akishindwa anampa mwenzie. Ndo maana wanasimama, kila jaribio ni pigo moja. Kuufikisha mpira eneo la mwisho ni tachidauni, pointi 6, baada yake kuna teke la pointi 1 au jaribio la 2. Ukikwama unaweza kupiga teke kati ya nguzo, pointi 3. Kwotabeki ndo anayepokea mpira na kuamua autupe au ampe mkimbiaji. Uwanja ni yadi 100, kama mita 91 hivi, bila kuhesabu yale maeneo ya mwisho. Rudi kazini.

SWALI: Habari anko. Nimekaa na watu hapa Musoma tunabishana. Jamaa yangu anasema mwaka huohuo wa 2010 kuna timu iliingia mtoano ikiwa imefungwa mechi nyingi kuliko ilizoshinda. Mi nimemwambia aache uongo. Tumewekeana soda kreti nzima.
Mbishi, Musoma

JIBU: Pole, nunua kreti. Seattle Seahawks, walishinda 7 wakafungwa 9, wakaingia. Sababu ni kwamba kila kundi la timu nne lazima litoe kinara na kinara anaingia hata kama kundi zima ni bovu, na kundi la magharibi la NFC mwaka ule lilikuwa bovu hasa, siku ya mwisho Seattle wakaifunga St. Louis Rams 16-6 wakawa vinara wa wabovu. Wakati huo Giants na Tampa Bay waliomaliza 10-6 wanaangalia kwenye TV.

Na siyo kuingia tu, kinara wa kundi anacheza nyumbani! Wakaja New Orleans Saints, mabingwa watetezi, wenye ushindi 11, wakapangwa kusafiri kwenda kwa timu yenye ushindi 7. Kila mtu alicheka. Seattle wakashinda 41-36, na Marshawn Lynch akakimbia yadi 67 akiwakung'uta watu njiani mmoja baada ya mwingine, uwanja ukalipuka kwa kelele na kurukaruka mpaka mitambo ya kupima matetemeko ya ardhi iliyo karibu ikanasa mtikisiko. Wiki iliyofuata Bears wakawatoa 35-24 na stori ikaishia hapo.

Kama ni haki? Mi naona siyo haki. Kuingia waingie, lakini uwanja wa nyumbani apewe aliyeshinda zaidi. Wenye ligi hawajaniuliza.

SWALI: Kaka, mimi ni mwanachama wa Yanga wa siku nyingi, kadi ninayo. Umesema Packers wenyewe ni mashabiki. Je wanapata gawio? Kuna tajiri mle ndani? Na kwa nini Pamba yetu isifanye hivo?
Mwanachama, Pasiansi

JIBU: Kaka yangu, gawio hakuna, hata senti. Packers ilianza 1919, Curly Lambeau na mwandishi wa gazeti George Calhoun, jezi zilinunuliwa na kampuni ya kusindika nyama aliyokuwa anafanyia kazi Lambeau, Indian Packing Company, ndo jina likabaki, kama Pamba ilivyobeba jina la zao la kanda yetu. Mwaka 1923 hela zikaisha, wakauza hisa kwa wananchi dola 5 moja, ikawa shirika lisilo la faida. Wameuza tena 1935, 1950, 1997, 2011 na 2021, hiyo ya mwisho dola 300 kwa hisa, na wenye hisa sasa wamepita laki tano.

Unachopata ni karatasi ya cheti, haki ya kupiga kura na kuhudhuria mkutano mkuu, unaofanyika palepale uwanjani Lambeau Field wakati wa kiangazi chao. Huruhusiwi kuiuza ile hisa kwa faida. Thamani yake sokoni ni sifuri, na watu wanapanga foleni kuinunua! Hakuna tajiri mle ndani, hayupo, na hesabu za timu zinatangazwa hadharani kila mwaka kitu ambacho timu nyingine 31 hazifanyi. Na usifikiri timu nyingine wanaweza kuiga, kanuni za ligi zinataka kila timu iwe na mmiliki mkuu anayejulikana, Packers wameachwa tu kwa kuwa walikuwepo kabla ya kanuni.

Hapa kwetu wamekuja na ile ya wanachama asilimia 51 na mwekezaji 49, na we mwenyewe unajua kelele zake, sitaingia huko leo, nina majirani wa pande zote mbili.

Pamba? Hapa ndo pagumu, na usiniambie hatuna watu. Green Bay ni mji wa watu laki moja na kidogo, uko kwenye ghuba ya Ziwa Michigan, ziwa ambalo kwa ukubwa halifikii Victoria yetu. Mwanza ukijumlisha Nyamagana na Ilemela inapita milioni. Uwanja wao unaingiza watu elfu 81, karibu mji mzima, tiketi za msimu zimeisha tangu 1960 na foleni ya wanaosubiri ina majina zaidi ya laki moja, watu wanaandikisha watoto wachanga. Theluji ikijaa uwanjani timu inatangaza inataka watu wa kuizoa kwa malipo ya kila saa, na wakazi wanakuja na makoleo. Na kabla ya msimu wachezaji wanaazima baiskeli za watoto wa mtaani kwenda nazo mazoezini, jitu la kilo 140 kwenye baiskeli ya mtoto wa darasa la tatu, na mtoto anakimbia pembeni kambeba helmeti.

Lakini mapenzi peke yake hayalipi mishahara. Kinachowabeba Packers ni kwamba hela za televisheni za kitaifa kule zinagawanywa sawasawa kwa timu zote, tangu 1961, kamishna Pete Rozelle ndo alisimamia hilo. Green Bay inapata sawa na New York. Halafu kuna kikomo cha mishahara tangu 1994, tajiri hawezi kununua kila mtu (kikomo kiliondolewa mwaka mmoja tu na mwaka wenyewe ni huohuo 2010, na bado mji mdogo ukachukua kombe, sijui matajiri walijisikiaje). Na kwenye kusajili vijana wa vyuo, timu iliyofanya vibaya ndo inachagua ya kwanza. Kushuka daraja hakuna. Pamba wanacheza Kirumba wakijua wakiteleza wanashuka, walishuka wakakaa huko chini miaka na miaka mpaka 2024 ndo wakarudi Ligi Kuu. Kwa hiyo ukitaka Pamba iwe Packers usianze na hisa, anza na kuuliza mgao wa haki za matangazo unaendaje na mapato ya mlangoni yanaishia wapi. Hisa nitanunua hata mimi, na cheti nitabandika sebuleni, lakini kununua hisa kwenye timu isiyo na mapato ya uhakika ni mchango wa harusi tu.

SWALI: Oya anko, mtoano ukianza nikiweka mkeka kwa yule aliyeongoza msimu si ni hela ya kuokota hiyo?
Wa Igoma

JIBU: Umesoma jibu la kwanza huko juu kweli? Haya, ongeza na hii. 2007 New England Patriots walishinda mechi zote 16 za msimu, wakashinda mbili za mtoano, wakaenda Super Bowl hawajafungwa na mtu. Giants haohao wakawafunga 17-14. Timu iliyowahi kumaliza bila kufungwa mpaka na kombe ni moja tu, Miami Dolphins wa 1972, mechi 17. Nunua unga.

SWALI: Shikamoo baba. Mwanangu wa kiume ana miaka 16, mrefu, mzito, hapa Nyakato mpira wa miguu wamemkataa wanasema hana mbio. Ameanza kusema atacheza huo wa Kimarekani. Nimwache aote au nimkemee arudi kwenye vitabu?
Mama, Nyakato

JIBU: Marahaba mayu. Usimkemee, ila na vitabu asiviache maana njia kubwa ya kuingia kule inapita chuoni, timu zinachagua vijana waliocheza vyuo vya Marekani.

Watu wa huku wamefika. Daniel Adongo, Mkenya, alikuwa mcheza raga, hajawahi kucheza mpira wa Kimarekani maisha yake yote, Indianapolis Colts wakamchukua 2013 na Desemba ya mwaka huohuo akacheza mechi. Mwingine ni Osi Umenyiora, kazaliwa London kwa wazazi wa Nigeria, akaishi Nigeria utotoni kabla ya kwenda Alabama. Huyu ndo wale Giants niliowataja, ile siku ya Januari 2012 alimkamata Rodgers na kumng'oa mpira mikononi. Alivyostaafu akaja kuongoza kazi ya ligi hiyo huku Afrika ya kusaka vijana, kambi ya kwanza Ghana 2022, na 2023 ikaja Nairobi, ambako siyo mbali na hapa. Wanaowatafuta ni vijana wakubwa wenye wepesi, wengi wametokea kikapu na raga.

Kwa hiyo kama hana mbio za winga bado anaweza kuwa na kitu, kuna nafasi za kusukumana pale mbele ambazo wepesi wa hatua mbili tatu za mwanzo ndo unatakiwa. Aanze na kikapu, viwanja vipo hapahapa mjini, au kama kuna kundi la raga ajiunge.

Lakini mayu, ukweli wote uujue. Huu mchezo unaumiza kichwa. Rodgers mwenyewe mwaka ule wa ubingwa aligongwa kichwa mara mbili, na wastaafu kwa maelfu waliishtaki ligi kwa madhara ya ubongo, ligi ikakubali kulipa. Helmeti inazuia fuvu lisipasuke, ubongo ndani unatikisika vilevile. Ningekuwa mimi na mwanangu ana miaka 16 ningempeleka kwenye kikapu kwanza halafu tuone.

SWALI: Kwa nini Packers wanacheza kwenye barafu wakati Wamarekani wana hela za kuezeka uwanja? Huku Bukoba mvua tu mechi inaahirishwa.
Msomaji, Bukoba

JIBU: Hawataki. Tarehe 31 Desemba 1967 walicheza fainali ya NFL na Dallas pale Lambeau Field kwenye nyuzi 25 chini ya sifuri, za kwetu hizi za selsiasi, wakashinda 21-17 sekunde za mwisho, kocha akiwa Vince Lombardi ambaye kombe la Super Bowl leo linaitwa kwa jina lake. Ukishakuwa na stori kama hiyo huwezi kuezeka. Ingawa kama ulivyoona kwa Giants 2012, baridi haijawahi kumzuia mgeni mwenye mabeki.

SWALI: Anko mi nina kibanda umiza Buzuruga. Vijana wa chuo wananisumbua niwaonyeshe hizo mechi na hiyo Super Bowl. Italipa au watanimalizia umeme?
Mwenye kibanda, Buzuruga

JIBU: Tupige hesabu ya saa kwanza. Super Bowl ni Februari na inaanza saa nane na nusu usiku wa kuamkia Jumatatu kwa saa zetu, inaisha alfajiri. Watu wazima wana kazi, vijana wana vipindi, na wewe una majirani. Kibanda cha mabati kikijaa watu wanaopiga kelele saa tisa usiku utaitwa serikali ya mtaa kabla ya mapumziko. Hiyo achana nayo.

Mechi za Jumapili za kawaida ni nyingine. Zile za kwanza zinaanza saa mbili usiku kuanzia Septemba mpaka mwanzoni mwa Novemba, baada ya hapo wenzetu wanarudisha saa zao nyuma na zinakuwa saa tatu usiku. Saa za mchezo ni dakika 60 lakini mechi inakula saa tatu na zaidi kwa sababu ya kusimama na matangazo, kwa hiyo kiingilio cha mechi moja ya Uingereza hakikutoshi, toza kidogo zaidi au uza chai na chapati humohumo ndani, ule muda wa kusimama ni muda wa mauzo. Tatizo ni kwamba saa mbili Jumapili mechi ya mwisho ya Uingereza mara nyingi bado inaendelea, na skrini yako ikiwa moja ukiwatoa watu wa Arsenal ili uweke watu wenye helmeti kibanda kitavunjwa. Ukiwa na TV ya pili, hata ya inchi 32, iweke kona ya nyuma na waambie hao vijana waje kuanzia saa tatu, Novemba, walipie kabla, na wasipofika kumi hiyo siku hufungui king'amuzi.